Asilimia ya Jengo la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa tajiri! Hela bado sijazishika, lakini hilo ni suala la muda tu.

Jengo alilotuachia mama, mimi na dada yangu, linathaminiwa wiki hii. Vyumba vinne vya biashara. Chini kuna Kinyozi, kuna Mwalimu mstaafu na mashine yake ya fotokopi, na kuna chumba kimoja kitupu kilichogoma kupata mpangaji. Juu yupo dada na cherehani yake, miaka nenda miaka rudi.

Mzee wa Mabati, mwenye duka la mabati ng'ambo ya barabara, amesema atanunua kwa bei yoyote atakayoitaja mthamini. Atabomoa, ajenge ghala. Dada hataki. Anataka kubaki na chumba chake, afe akishona. Basi tumekubaliana: akiweza kunilipa nusu ya thamani, jengo ni lake. Kikundi chake cha akiba kitamkopesha milioni arobaini, haiongezeki hata senti. Kwa hiyo thamani ikivuka themanini, Mzee wa Mabati huyo analichukua.

Nampenda dada. Ndiye aliyenilea. Lakini mapenzi hayanunui mashine ya kuoshea magari, na mimi ndoto yangu ni kuosha magari. Kibao nimeshachorewa: BOSI WA POVU. Kiko chini ya godoro. Kila nikigeuka usingizini kinanigonga mgongo, najua ni bahati inabisha hodi.

Watu wa mtaani wananiita Waziri wa Mipango. Wanadhani wananicheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu mthamini. Mama mmoja mwenye sauti ya kukatisha tamaa. Nikamuuliza thamani inapatikanaje.

Akasema jengo la kupangisha wanalipima kwa kile linachoingiza. Wanachukua kodi ya mwaka mzima. Wanatoa gharama za matengenezo, ulinzi na kadhalika. Kinachobaki ndilo pato lenyewe. Halafu kuna asilimia. Kila jengo na asilimia yake, kulingana na wasiwasi uliopo. Jengo tulivu lenye wapangaji wa kudumu, asilimia ndogo. Jengo la mashaka, asilimia kubwa.

Akaanza kunieleza hiyo asilimia inafanya kazi gani. Nikamshukuru, nikakata simu. Ya nini kumaliza salio? Mimi si wa kutafuniwa. Asilimia kubwa, hela kubwa! Hata mtoto wa darasa la tatu analijua hilo.

Kumbe ndiyo maana watu hawatajiriki! Wanapaka rangi, wanaziba nyufa, wanabembeleza wapangaji. Wanajishushia asilimia kwa mikono yao wenyewe. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Mpango: kufikia Alhamisi, jengo la mama liwe mashaka matupu.

Jumatano, 5 Machi

Nimewapanga wapangaji. Kinyozi atasema anahama wakati wowote. Amekubali haraka mno, nikapata wasiwasi kidogo. Mwalimu amekataa kabisa kusema uongo, eti amefundisha maadili miaka mingi. Nikamwomba basi agombane tu na Kinyozi mbele ya mthamini. Akafikiri, akasema hilo sawa, hilo si uongo. Nywele za kunyolewa zinaingia kwenye fotokopi yake na vyeti vya watu vinatoka na ndevu.

Dada sikumwambia. Kaniona nikibeba ndoo kuelekea chumba kitupu, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Nikala.

Alhamisi, 6 Machi

Siku imeenda. Imeenda wapi, sijui.

Asubuhi nimepanda ngazi, nikamwagia maji dari ya chumba kitupu, nikatega ndoo chini. Tone, tone, tone. Nikajipongeza kwa kazi nzuri.

Mthamini akafika. Mfupi, viatu vya kutembelea, kifaa cha kupimia chenye taa nyekundu. Hana masihara. Akaingia kwa Kinyozi. Salaale! Nilimwambia aseme anahama, basi. Yeye akasema jengo linatikisika, linaguna, yeye mwenyewe ameshakata masikio ya wateja kwa sababu ya huo mtikisiko. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akashika sikio, akasimama, akaondoka na nusu kichwa. Kinyozi akamkimbilia na taulo akimwomba arudi, kwamba yale yalikuwa maneno tu.

Mwalimu naye akaanza ugomvi kwa utaratibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Mthamini akauliza mikataba iko wapi. Hakuna! Tangu enzi za mama tunapangisha kwa mdomo, mkiaminiana mmemaliza. Akaandika. Nikafurahi moyoni.

Tukafika chumba kitupu. Ndoo. Tone, tone. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Mara dada huyo anashuka ngazi, futi ya kushonea shingoni. Akashangaa. Akamwambia mthamini juu ya dari hiyo ni chumba chake na ni kikavu, paa hili halijawahi kuvuja hata siku moja, mama aliezeka mabati mazito kwa hela ya miaka mingi, na kwamba hata mvua haijanyesha mwezi huu.

Mjanja huyu mwanamke! Anashusha asilimia ili anunue rahisi! Sikumjua.

Akataka kupanda ngazi aonyeshe dari. Nikamzuia, ana goti baya. Nikapanda mimi. Ngazi ikateleza. Nikakaa ndani ya ndoo.

Mthamini akaandika na hilo pia. Akasema atarudi Alhamisi ijayo kuona kama mikataba imepatikana na kama chumba kitupu kimepata mtu, ndipo afunge hesabu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimelala kifudifudi.

Dada amekuja na maji ya moto na taulo. Kanikanda mgongo huku ananisema, tangu utoto naanguka mahali pasipo na sababu ya kupanda. Alipomaliza, akatoa futi, akanipima mabega, akapima mikono, akapima kifua. Nikauliza ya nini. Akasema anataka kujua kama uvimbe umepungua. Uvimbe uko kiunoni! Nikaona pengine ni mambo ya tiba.

Mzee wa Mabati kapita dirishani kunipa pole. Kauliza kama ukuta wa nyuma ni wa tofali au wa mawe, tingatinga lipate maandalizi.

Jumapili, 9 Machi

Leo sina utani.

Kila Jumapili nakula kwa dada. Nimepanda, mlango wazi, dada hayupo, ameenda kununua vitunguu. Nikaingia nimngoje.

Cherehani imefungwa kwa shuka. Shuka la kitandani, limefungwa kwa kamba kwa ustadi, kama mzigo wa safari. Sakafuni kuna alama za chaki, urefu na upana. Nikaelewa. Ni kipimo cha chumba ambacho binti yake anataka kumpa akae nyumbani kwake, jengo likiuzwa. Alikuwa anajaribu kama cherehani itaingia. Kitanda kinaingia. Cherehani imebaki nje ya chaki.

Ile cherehani! Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba na dada kumi na tisa. Alishona mchana kutwa, mimi nalala chini ya meza yake juu ya vipande vya vitambaa. Miguu yake ikikanyaga, nalala. Akiacha, naamka. Hakuolewa mpaka nilipomaliza shule. Nilikuwa nalijua hilo siku zote. Leo ndiyo nimelipigia hesabu.

Na juu ya kiti kulikuwa na koti. La bluu iliyoiva, la mabega yangu. Mifuko sijui mingapi, ndani, nje, ubavuni, kwa sababu napoteza funguo. Ndani ya kola kashona herufi ndogo: BOSI.

Akarudi, akanikuta nimelishika. Akakasirika kwamba nimeharibu siri yake. Eti bosi hawezi kufungua biashara kwa shati lile lililopauka, watu watasema hana ndugu. Akaniuliza mikono haibani? Nikasema haibani. Akasema mbona macho mekundu. Nikasema vitunguu vinaniwasha macho. Vitunguu vilikuwa bado kwenye mfuko.

Nimelia njia nzima. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Basi. Dada hatoki kwenye chumba kile. Thamani lazima ishuke chini ya themanini. Na bahati nzuri dawa yake naijua mimi peke yangu: jengo litulie mpaka lisinzie, asilimia iporomoke!

Jumatatu, 10 Machi

Kazi! Nimeuza redio yangu na baiskeli, nimenunua rangi. Ukuta wa mbele umekuwa mweupe, mtu anapepesa macho. Nimeziba nyufa. Nimerudisha mfereji wa paa niliokuwa nimeulegeza wiki iliyopita kwa siri. Nimeweka pazia la plastiki kati ya Kinyozi na Mwalimu, nywele zisivuke.

Nikamwambia Kinyozi sasa aseme anapapenda hapa na hahami. Akaniangalia sana. Akasema wiki iliyopita nilimtaka ahame, wiki hii nataka azikwe hapa, je, wiki ijayo? Tena yule mteja wa nusu kichwa hajarudi, anatembea na kofia na anamtangaza vibaya. Ikabidi ninyoe nywele zangu kwake kwa bei ya watu wawili.

Mzee wa Mabati kaiona rangi. Kaniuliza kwa nini napamba kitu cha kubomolewa. Nikamwambia ni mbinu. Kaniambia mimi ni mtu hatari. Nikamshukuru.

Jumanne, 11 Machi

Mikataba! Mwalimu kaiandaa, miaka mitano mitano, kila kifungu na koma yake. Yeye kasaini. Kinyozi kasaini akiguna. Dada kasaini bila kusoma. Kaniuliza tu kwa nini anasaini kukaa miaka mitano mahali anapohama mwezi huu. Nikasema ni taratibu. Akaniamini, kama kawaida yake. Heri angenipiga.

Kimebaki chumba kitupu. Jengo tulivu gani lina chumba kitupu? Nimezunguka mtaa mzima kutafuta mpangaji. Muuza magodoro hataki. Fundi redio anasema ni kidogo. Jua limezama, nimekaa mlangoni, nikawaza. Mpangaji mwaminifu, asiyehama, asiyegombana na mwenye nyumba.

Mimi!

Nimesaini. Miaka mitano. Upande mmoja mpangaji, upande wa pili mwenye nyumba pamoja na dada yake. Mwalimu akaniuliza kama pato la jengo likiongezeka thamani haitapanda. Nikamweleza kwa upole kwamba pato litapanda kidogo lakini asilimia itazama kabisa. Akauliza tena, hiyo asilimia inazidishwa au inagawanywa? Walimu bwana. Hawastaafu.

Alhamisi, 13 Machi

Mambo yamekwenda kama maji!

Mthamini kapokelewa kwa kiti na soda. Kinyozi kamwambia jengo limetulia, ule mtikisiko ulikuwa mkono wake tu. Mwalimu kasema jirani yake ni muungwana. Mikataba mezani. Chumba cha nne kina mpangaji, kavaa koti la bluu, kapiga saluti. Mthamini akauliza mpangaji anafanya biashara gani. Nikasema ya utulivu.

Kaangalia dari, kavu. Kaniangalia mimi. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, kasema hajawahi kuona jengo lililobadilika hivi ndani ya wiki moja. Nikamuuliza kwa kujishusha, je, asilimia imeshuka? Akasema imeshuka sana.

Imeshuka sana! Nilitaka kumkumbatia. Nikakumbatia mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwisha.

Nimeenda ofisini kwake kuchukua majibu. Milioni mia na ishirini.

Nikacheka. Nikamwambia amekosea, asilimia si imeshuka? Akasema ndiyo, kutoka kumi na mbili hadi tisa, ndiyo maana. Akavua miwani. Akanieleza polepole, sauti ile ile, yale aliyotaka kunieleza siku niliyomkatia simu.

Hawazidishi. Wanagawanya! Mwenye hela akinunua jengo la mashaka anataka limrudishie fedha yake haraka, kwa hiyo analipa kidogo. Jengo tulivu anaridhika na faida ndogo kila mwaka, maana ana uhakika nayo, kwa hiyo anakubali kulipa nyingi. Alhamisi ya kwanza pato lilikuwa milioni tisa na laki sita. Ukiligawanya kwa asilimia kumi na mbili, unapata themanini.

Themanini! Themanini kamili! Ile siku ya ndoo! Ningeendelea kuwa mwizi, dada angepata jengo lake. Ningelala tu kifudifudi wiki nzima nisifanye lolote, dada angepata jengo lake. Nimekuwa mwema siku nne, nimemfukuza.

Mthamini akanipa glasi ya maji. Akaniambia kazi niliyoifanya ni nzuri sana, mwenye nyumba ana bahati kupata mtu kama mimi. Maji yakanipalia.

Jumamosi, 15 Machi

Usingizi sikupata. Asubuhi nikawa na mpango. Wa mwisho, naapa.

Nikapanda kwa dada. Nikamwambia majibu yametoka, milioni themanini, anilipe arobaini tumalizane. Nikamwambia makaratasi atayapata baadaye, mashine ya ofisini kwao imeharibika.

Dada alikuwa anakunja vitambaa. Hakuinua kichwa. Akasema mthamini alimpigia simu jana, ni mia na ishirini.

Nikasema yule mama hajui hesabu.

Akaweka kitambaa chini. Akaniangalia kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kutafuta funguo kwenye mifuko yote. Akasema kwa kauli yake mwenyewe, nainakili kama ilivyo: "Mdogo wangu, tangu uzaliwe sijaona mwizi anayejiibia mwenyewe." Halafu akacheka. Halafu akalia. Akacheka tena huku analia, anajifuta na kipande cha bitana.

Lakini akakataa. Akasema nusu yangu ni sitini, haki yangu ni haki yangu, mama asingekubali nipunjwe. Hana sitini. Kwa hiyo Mzee wa Mabati aitwe, na yeye ataenda kwa binti yake, na cherehani aitafutie mtu wa kuinunua, mtu mpole. Akasema hivyo, mtu mpole, utadhani anamwoza binti.

Nikasema siuzi.

Akasema nini?

Nikasema siuzi, na bila mimi haliuziki. Akauliza na kuosha magari je? Nikamwambia ni sababu za kibiashara tu. Jengo limetulia, asilimia imeshuka, ni mjinga gani anauza wakati huu? Asidhani ni huruma. Nikasema hivyo kwa ukali sana. Sauti ikanikatika katikati.

Akaenda akafungua kamba, akalitoa lile shuka juu ya cherehani, akalikunja vizuri. Akafuta alama za chaki kwa unyayo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mzee wa Mabati nimemwambia jioni. Amesema ndiyo maana walimwonya asifanye biashara na mtu anayekaa ndani ya ndoo.

Jumatano, 19 Machi

Nimehamia rasmi chumba cha nne. Mkataba ni mkataba, miaka mitano hainiachii. Nusu yangu ya kodi ya jengo naipokea kwa mkono wa kulia, naitoa kwa mkono wa kushoto kulipia chumba. Dada anasema sijawahi kuwa na biashara yenye hesabu safi namna hii.

Kibao nimekitoa chini ya godoro. Mgongo umepona siku hiyo hiyo. Nimefuta POVU, nimeandika upya: BOSI WA THAMANI. USHAURI WA MAJENGO. Maana sasa siri yote ninayo. Ni kugawanya! Mthamini atanikoma.

Na nimeona kitu ambacho wataalamu wote wamepitiwa. Kumi na mbili ilitoa themanini, tisa ikatoa mia na ishirini. Je, tukitulia zaidi, mpaka asilimia ifike sifuri? Nimemuuliza Mwalimu. Kasema huwezi kugawanya kwa sifuri. Wivu. Nimeshaanza kumkataza Kinyozi kupiga redio.

Halafu kuna pato. Pato likipanda, thamani inapanda, hilo hata mthamini halipingi. Sasa kodi ya nani nitapandisha? Kinyozi atahama. Mwalimu ataandika barua. Dada simgusi. Amebaki mmoja tu, yule wa chumba cha nne, mtu wa koti zuri, anaonekana ana uwezo.

Saa hizi mchana, mtaa umepoa. Juu cherehani inakanyagwa, sauti yake inashuka kupitia dari mpaka mezani kwangu, na macho yanakuwa mazito nashindwa kushika kalamu. Nitalala kidogo. Nikiamka namwandikia notisi: kuanzia mwezi ujao kodi yake ni mara mbili. Akileta ubishi, nitajifukuza.